Maji ya Wageni wa Desemba

Shume, Lushoto
12 Septemba 1971

Kwa mdogo wangu Nikodemo,

Pokea salamu zangu wewe, wifi Filomena na watoto wote watano. Naamini mnaendelea vizuri na joto la huko Dar es Salaam. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ukiacha mgongo, ambao siku hizi unanitangazia mvua kabla ya mawingu. Viazi vya shamba la chini vimekubali, kabichi nusu zimeliwa na wadudu, na ng'ombe wa mama amezaa dume tena.

Naandika mapema kwa sababu nakufahamu. Ikifika Novemba unaanza kuigawa likizo siku kwa siku, nani afike lini na nani alale wapi, na ukishagawa hakuna wa kukugeuza. Kwa hiyo nisikilize sasa, hujashika kalamu.

Desemba iliyopita tulikuwa watu ishirini na watatu hapa kwa siku kumi na tisa. Simlaumu mtu. Nyumba ni ya baba nanyi nyote ni wa humu. Mimi nilirudi tu kumuuguza mama baada ya mume wangu Sefania kufariki, na mama alipokwenda nikabaki na funguo. Nilifurahi kuwaona. Lakini mlipoondoka nilikaa jikoni nikashindwa kunyanyuka, nikala viporo siku tatu kwa kukosa nguvu ya kuwasha moto. Nilikuandikia kwamba mmetuachia upweke. Haikuwa kweli. Mliniachia usingizi.

Sasa mwanangu Esta ni mjamzito. Anatazamia kujifungua karibu na Krismasi. Mumewe Yeremia hawezi kuacha kazi yake ya misitu huko Sigi, na kwetu unajua, binti huja kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Atafika mwisho wa Novemba. Namtaka alale chumba cha ndani, kile kinachopata joto la jiko, na ninataka nimwangalie yeye tu. Kwa hiyo nakuomba, mwaka huu msije. Mwambie na Danieli kule Arusha, na wengine. Wewe ndiye mkubwa wa wanaume, watakusikia. Njooni Pasaka, au Juni, baridi ikiwa kali na kila mtu anataka kulala mapema.

Nisalimie majirani.

Dada yako,
Klara


Dar es Salaam
17 Oktoba 1971

Dada mpendwa, shikamoo.

Sisi huku hatujambo, watoto wanakua na viatu havikui. Barua yako nimeipata katikati ya pilikapilika. Mji mzima unapakwa chokaa kwa ajili ya miaka kumi ya Uhuru, nami nimewekwa kwenye kamati ya viti. Usicheke. Kila kiti kina watu wawili wanaodai ni chao.

Pole sana na mgongo. Filomena amekununulia dawa ya kuchua na doti mbili za khanga, utachagua mwenyewe.

Habari ya Esta imetufurahisha mno. Hiyo ndiyo sababu ya kukusanyika hasa, mjukuu azaliwe akute ukoo mzima umemsubiri. Kwani Esta ni mgeni? Tutabanana. Sisi saba tutafika tarehe 18. Danieli na mkewe na wanne wao watatoka Arusha siku hiyohiyo. Shangazi Dorkasi anasema miguu inamsumbua lakini atakuja na wajukuu wawili wa kumshika mkono. Na binamu yetu Mussa wa Mazinde, mtoto wa mama mdogo Hadija, atapanda sikukuu kama kawaida yake, afunge mgahawa wake siku mbili aje atuchekeshe. Halafu kuna ndugu mmoja wa ofisini, Cosmas, mtu wa Dodoma. Hajawahi kuona ukungu unaingia mlangoni. Nimemwahidi.

Watoto wanaulizia mapeasi. Mimi naulizia ile chai yako ya maziwa, na ile sehemu ya kibarazani jua linapopiga saa nne asubuhi. Kwenye semina tunaambiwa kila siku juu ya kuishi pamoja na kugawana tulicho nacho, nami huwaambia wenzangu kwamba kwetu Shume hatukuhitaji semina. Tulizaliwa nayo.

Wewe usijisumbue na lolote, dada. Sisi tunakuja kupumzika tu.

Mdogo wako,
Nikodemo


Shume
2 Novemba 1971

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Mvua za vuli zimeanza na njia ya mtoni inateleza. Bomba la kijiji limefika kwa mwenyekiti, likachoka, likakaa hapo.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoijibu yangu. Sikupaona. Niliomba msije. Wewe umeniletea majina, na moja silijui.

Khanga namshukuru wifi. Ninazo kumi na nne sandukuni, zote za Desemba, na mikono ninayo miwili.

Nakuomba tena, Nikodemo, na naomba unijibu hilo tu. Ndiyo au hapana.

Dada yako,
Klara


Shume
27 Novemba 1971

Mdogo wangu Nikodemo,

Habari za siku nyingi. Wiki zimepita sijaona jibu. Barua hii nampa Mbaraka, dereva wa lori la kabichi, aikabidhi mkononi mwako, ili usiniambie posta.

Esta amefika juzi. Miguu imemvimba na kicheko chake ni kilekile. Amelala chumba cha ndani. Mkunga amempima akasema mtoto amekaa vizuri, ila Esta asinyanyue kitu, hata sufuria.

Nilikuwa nimekusudia kutokueleza jambo hili maisha yangu yote. Mwaka jana Esta alipokuja kunisaidia na sikukuu, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Hatukuwatangazia, mimba ya kwanza haitangazwi. Tarehe tatu Januari, siku ya pili baada ya ninyi kushuka, iliharibika. Nilikuandikia kwamba Esta ana homa. Ukanijibu apewe malimau.

Hospitali walimwambia haya hutokea, hakuna ajuaye sababu. Yawezekana. Mimi najua alivyobeba maji. Watu ishirini na watatu wa kunywa, wa kuoga, wa kufulia watoto nepi. Kutoka mtoni mpaka hapa ni kilima kile unachokijua, na yeye alikipanda na debe kichwani mara nane, mara kumi kwa siku, kwa siku kumi na tisa. Wengine walikuwa wageni. Esta ni mtoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani ndiye anayetumwa.

Sikuandikii ili ulie. Nataka uelewe kwa nini naomba. Huyu wa sasa akipotea, sijui nitamwangalia vipi mwanangu.

Yeremia alimwagiza Esta awasalimu. Yuko kazini, hajui kama nimeandika.

Dada yako,
Klara


Dar es Salaam
6 Desemba 1971

Dada Klara, shikamoo.

Barua Mbaraka alinipa Jumatano. Nimekaa nayo siku kadhaa. Nimeisoma ofisini, nikaisoma chooni, kwa kuwa nyumbani hakuna chumba kisicho na mtoto. Sijui niseme pole kwa namna gani kwa jambo la Januari iliyokwisha. Malimau yale yananirudia kila nikifumba macho.

Yako ya kwanza niliielewa, dada. Nilijifanya sikuielewa. Ofisi nzima inajua naenda kwetu, watoto wamewaambia wenzao, na mimi mwaka mzima nimeuvuka nikiwaza kibaraza kile. Ya pili niliiweka droo. Huo ndio ukweli na haunipendezi.

Lakini na mimi naomba nikueleze jambo, na usikasirike, maana wewe ni mkubwa wangu. Nimemwonyesha Filomena barua yako. Alilia, kisha akaniuliza kama nakumbuka siku ya pili baada ya kufika, mwaka jana. Alichukua debe akaelekea mlangoni. Ukamfuata ukamnyang'anya. Ukamwambia, "Kaa, wewe mgeni." Akajaribu tena kesho yake, ukalificha debe nyuma ya tangi la mahindi. Mke wa Danieli alitaka kuosha vyombo ukasema atakuaibisha mbele ya majirani. Mama alitufundisha hivyo, najua, mke wa kaka aliyetoka mbali hachoti maji. Ila Filomena anasema miaka saba amekaa kwenye kigoda kile akikuona unapita, na hakuna mahali alipochoka kama hapo.

Simaanishi kosa ni lako. Kosa ni la kila aliyekunywa. Nasema tu kwamba sote tulikuwa tunafuata adabu, na Esta ndiye aliyebeba.

Sasa sijui nifanye nini. Danieli ameshaondoka Arusha kwenda kwa wakwe zake Moshi, barua haitamkuta, atakuja moja kwa moja. Shangazi Dorkasi amefungasha tangu Oktoba. Likizo yangu imekubaliwa kwa tarehe hizo au basi. Nitatafuta njia. Sijaiona bado.

Mdogo wako,
Nikodemo


Shume
13 Desemba 1971

Mdogo wangu,

Mbaraka ananisubiri na lori linaunguruma, kwa hiyo ni fupi.

Ulichosema kimenichoma kwa sababu nakikumbuka. Nilimwambia Filomena akae, nikageuka nikamtuma Esta. Nimekuwa nikijiambia ni ninyi. Ni ninyi, na ni mimi.

Na hilo ndilo linalonitisha. Mnaweza kuniahidi kwamba safari hii mtajihudumia wenyewe, nami nitakubali, na siku mkisimama hapo uani mkapiga hodi nitasema karibu, na mguu wangu utakuwa umeshafika jikoni. Sijui namna nyingine ya kuwa na watu nyumbani. Nina miaka hamsini na mbili na sijifunzi kwa wiki moja. Siwaogopi ninyi, Niko, najiogopa mimi.

Esta amekuwa mzito sana. Siku zimebaki chache. Mwenyewe anasema, mama, waache waje, ni ndugu. Aliyasema hayo mwaka jana pia.

Klara


Mazinde
19 Desemba 1971

Dada mpendwa, shikamoo.

Tafadhali soma hapo juu tunapoandikia. Tuko Mazinde. Hatukupanda.

Barua yako Mbaraka aliileta usiku wa kuamkia safari. Asubuhi nilimtangulia kila mtu. Badala ya kushuka Mombo nikapitiliza mpaka hapa kwa Mussa, nikamkuta anakaanga maandazi, nikamwambia yote. Hakuuliza swali. Alisema, "Nyumba yangu ni vyumba vitatu na nyuma kuna uwanja. Tutawapanga." Filomena na watoto wakafuata na basi la pili. Danieli lazima apite barabara hii akitoka Moshi, kwa hiyo nilisimama kando ya barabara saa nne nzima, jua la hapa unalijua, nikisimamisha kila basi kama askari. La tano ndilo lililokuwa na Danieli.

Alikasirika. Aliniuliza tangu lini mtoto wa baba Tobia akalala Mazinde na huku kwao anapaona. Maana kwa kweli unapaona, dada. Tukikaa mbele ya mgahawa tunatazama ukuta mzima wa mlima, na juu kabisa ni misitu yetu ya Shume na wingu limekaa. Nikamtoa pembeni nikamweleza habari ya Esta. Aliponisikia akauliza kisima kiko wapi.

Kwa hiyo tuko hapa, watu kumi na nane pamoja na Mussa. Joto halisemeki na mbu wanatufahamu kwa majina. Shangazi Dorkasi amelala kitanda cha Mussa, Mussa amelala juu ya meza ya mgahawa. Tumepangiana zamu. Mimi na Danieli ni maji asubuhi, Cosmas na vijana ni maji jioni, wake zetu wanapika na sisi tunaosha. Kisima kiko mbali kuliko mto wenu, ila hakuna kilima. Leo asubuhi nilibeba debe sita. Debe la sita nilikaa chini katikati ya njia ya mkonge, nimelikumbatia, nikawaza siku kumi na tisa, na kilima. Shingo yangu haigeuki. Majirani wa Mussa wanatoka nje kutuangalia, wanasema hawajaona wageni wa namna hii.

Cosmas anauliza kama ule mweupe kule juu ndio ukungu. Nimemwambia ndiyo. Anasema kutoka hapa unatosha.

Hatupandi mpaka utuite. Usipotuita tutaushukuru mlima tukiwa huku chini na kurudi. Barua hii anapanda nayo kwa miguu mzee mmoja wa Shume, ameahidi kufika kesho.

Mdogo wako,
Nikodemo


Mazinde
26 Desemba 1971

Shikamoo dada.

Hatujapata neno, na sikulaumu. Jana tuliimba nyimbo za Krismasi chini ya bati la Mussa na Mussa akaitikia viitikio, anavijua vyote kwa miaka aliyotuvumilia. Mama mdogo Hadija alituletea pilau. Watoto wawili wana homa ndogo, si kitu. Shangazi anataka kwake.

Tumechoka, dada. Nasema hivi bila kutaka utuhurumie. Nasema kwa kuwa ni mara ya kwanza tumemaliza sikukuu tumechoka, na nadhani ulipaswa kuwa na wenzako wa kuchoka nawe tangu zamani.

Leo tarehe 26. Kila saa ninatazama juu. Tafadhali tuambie hata neno moja kuhusu Esta.

Mdogo wako,
Nikodemo


Shume
29 Desemba 1971

Mdogo wangu Nikodemo,

Salamu kwako na kwa wote hapo chini, na kwa Mussa kwanza. Barua zenu zote mbili nimepata. Sikujibu kwa sababu sikuwa na mkono wa bure.

Esta alishikwa na uchungu tarehe 22 alfajiri, akajifungua tarehe 23 jioni. Ulikuwa uchungu mrefu. Mkunga alitoka mara mbili kupumua nje, na mara zote mbili nilidhani anatoka kuficha uso. Nilikuwa nimemshika Esta kwa nyuma muda wote ule, sikumwachia hata kwa kikombe cha maji. Hapakuwa na mtu aliyeniita. Nataka ujue hivyo. Siku mbili nzima hakuna aliyeniuliza chumvi iko wapi.

Ni msichana. Mdogo, mweusi wa masikio, analia kwa sauti ya Danieli. Esta amemwita Raheli, jina la mama. Esta mwenyewe alitoka damu nyingi na ni dhaifu, ila jana alikula uji bakuli zima, na leo ameomba jingine.

Siku ya Krismasi walipolala, nilimweka jirani mlangoni nikatembea mpaka pale miti inapoishia, unapoona Mazinde yote chini. Niliona mabati, na moshi. Nikajisemea, wale ni wao wanapika. Nikalia, Niko. Nililia kwa kuwakumbuka, na nikafurahi kwamba moshi ule haukuwa wangu, na yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Halafu nikarudi nikalala mchana. Tangu tuzaliwe sijawahi kulala mchana wa Krismasi.

Shangazi Dorkasi mrudisheni kwake, nitamfuata mwenyewe kumwona. Mwambie Danieli nimesikia habari ya kisima, na kwamba aje Pasaka. Cosmas naye aje siku moja, ukungu hauna haraka.

Wewe na Filomena njooni kesho, wawili tu, kabla likizo yako haijaisha. Mapeasi yameiva, mtawabebea watoto.

Mkifika msipige hodi. Nikisikia hodi nitaamka. Debe nimeliweka nje, upande wa kushoto wa mlango, mahali Filomena atakapoliona. Mwambie alichukue, mwende mtoni kwanza, ndipo mwingie.

Dada yako,
Klara